Kikohozi cha Nyumba ya Mabati

Persis alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto Jumapili moja ya mwezi wa nane, saa tisa alasiri, mbele ya mlango wa mama mkwe wake. Aliyemkata hakuwa jambazi wala mgeni. Alikuwa kijana wa ukoo, na Krismasi iliyotangulia alikuwa amekula kwake wali na kuku. Ukitaka kujua ilikuwaje watu wa boma moja wakainuliana mapanga mchana kweupe, huna budi kuanzia kwenye baridi, maana ugomvi wote ulitoka huko.

Nyansiongo ni kwenye baridi. Mwezi wa sita ukishaingia, ukungu hulala juu ya majani chai mpaka saa nne, na ng'ombe wakikamuliwa hutoa mvuke puani kama birika. Persis alizaliwa Birongo, kwenye migomba, akaolewa huku akiwa na miaka ishirini. Mumewe, Ratemo, alikuwa dereva wa trekta, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa mkono vilevile. Alimpiga Persis mara mbili. Mara ya pili Bitutu, mama yake Ratemo, alitoka nyumbani kwake na mwiko wa ugali na kumtandika mwanawe mbele ya majirani mpaka mwiko ukavunjika. Ratemo hakurudia tena. Hata hivyo hakukaa sana duniani. Mwaka wa sita wa ndoa yao alikwenda kuamua watu waliokuwa wakipigania mpaka wa shamba, akapigwa jiwe la kisogo. Alirudishwa kwenye mkokoteni wa kubebea nyasi, amefunikwa koti lake mwenyewe.

Alimwachia Persis watoto wawili, Ogeto na Lavender, na nyumba ya mabati.

Nyumba hiyo ilikuwa fahari ya Ratemo. Paa la mabati, kuta za mabati, yote mapya, yakimetameta hata barabarani. Mdogo wake, Masese, alijenga ya namna ile ile hatua thelathini kutoka hapo. Nyumba ya mama yao peke yake ndiyo iliyobaki ya zamani: kuta za udongo nene kama urefu wa mkono, paa la nyasi lililoshuka chini hata mtu akainama kuingia. Wana waliiona ni aibu. Kila mwaka waliahidi kuibomoa na kila mwaka Bitutu aliwaambia wasubiri afe kwanza.

Mtu apitaye barabarani akaona mabati yale asingejua usiku wake ulivyokuwa. Bati halizuii kitu. Jua likitoka chumba kinakuwa tanuri, likizama kinakuwa kisima. Kuelekea alfajiri mabati yalitoa jasho kwa ndani, matone yakawadondokea watoto usoni, na blanketi likaamka limelowa kama lililoachwa nje. Persis aliingiza jiko la makaa na kuziba nyufa kwa matambara. Hapo watoto wakakohoa kwa moshi. Alipolitoa wakakohoa kwa baridi.

Ogeto alikufa akiwa na miaka mitatu. Alihema siku mbili, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi, na siku ya tatu Persis alimfunga mgongoni kumkimbiza zahanati. Walipofika kwenye daraja la mbao alihisi uzito wa mtoto umebadilika. Hakusimama. Alikimbia naye mpaka mlangoni kwa daktari, ijapokuwa alikwisha kujua.

"Nimonia," daktari alisema. "Mnalala nyumba ya namna gani?"

Persis aliona ni swali la dharau.

Matangani ndipo maneno yalipoanza, kwa sauti za chini, karibu na sufuria za chai. Watoto wa boma hili wanakohoa kila mwaka. Wa Masese wanakohoa, wa Persis wanakohoa, sasa mmoja ameondoka. Lakini yule mzee, miaka sabini na kitu, mbona haugui? Analala peke yake katika kijumba cha nyasi na hakohoi hata mara moja. Anakula nini? Masese ndiye aliyeuliza hilo la mwisho, na alimtazama Persis usoni alipouliza.

Na Persis aliamini. Isifichwe. Alikuwa mama aliyezika mtoto, na alitaka kifo kile kiwe na mtu wa kukijibu. Kwa miezi minane alipita mbele ya mlango wa Bitutu bila salamu. Mzee alipomletea ndizi mbivu alizipokea, akangoja ageuke, akawamwagia nguruwe wa jirani.

Kilichombadilisha ni vifaranga.

Alikuwa amepata kibarua kwa Mwalimu Drusilla, mwanamke aliyestaafu ualimu na kuanza kufuga kuku. Vifaranga vya siku moja vililetwa kutoka mjini kwenye makasha, mia tatu, na kazi ya Persis ilikuwa kuvitunza kwenye kibanda chenye taa ya joto. Kuta tatu za kibanda zilikuwa za mabanzi ya mbao, mawili mawili, na katikati yake pamejazwa maranda kutoka kiwanda cha kupasua mbao. Ukuta wa nne haukuwa umekamilika. Ulikuwa bati tupu.

Asubuhi ya pili Persis alifungua mlango akakuta vifaranga vimekufa. Vilikuwa vimelaliana kando ya lile bati, arobaini na zaidi, vimekauka kama mawe madogo ya manjano. Upande wa pili, penye maranda, vingine vilikuwa vikilia na kudonoa vizima kabisa.

Drusilla alichuchumaa akavipima kwa mkono. "Chakula vimekula," alisema. "Maji vimekunywa. Ni baridi tu. Kifaranga kikitumia nguvu zote kujipasha joto, hakibaki na nguvu ya kuishi." Akamgeukia. "Mama Lavender, unalia kwa sababu ya vifaranga?"

Persis alikuwa amekaa chini kwenye maranda. "Mwalimu, hivi vyako vimejengewa ukuta," alisema. "Mimi mwanangu nilimlaza kwenye bati."

Aliporudi nyumbani siku hiyo hakuingia kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Bitutu, akainama, akaingia. Hakuwa ameingia humo tangu mazishi. Kulikuwa na moto mdogo wa kuni tu, lakini joto lilimpokea kama mkono. Aligusa ukuta. Ulikuwa mkavu. Mvuke na moshi vilipanda taratibu na kupotelea katika nyasi. Aliutazama ukuta ule mnene kwa muda mrefu mpaka Bitutu akasema, "Kama umekuja kunitukana, keti kwanza."

"Mama, naomba Lavender alale kwako."

"Wewe? Umlete kwangu?"

"Ndiyo."

"Watu watasema."

"Wamekwisha sema."

Lavender, wa miaka mitano, alihamia kwa bibi yake, magokoro kama alivyomwita. Wiki ya kwanza alikohoa. Wiki ya tatu kikohozi kilibaki cha asubuhi tu, na akaanza kuomba chakula bila kubembelezwa. Ungedhani habari hiyo ingewafurahisha watu. Iliwatia hofu. Wakasema mzee amekwisha muua mjukuu mmoja na sasa anamfundisha kazi wa pili, ndiyo maana amenenepa. Siku ya Sabato Bitutu alipoketi kanisani, benchi lake lote lilihamwa. Aliimba peke yake katikati ya ubao mtupu, na Persis akatoka kwa akina mama wa mbele akaenda kukaa naye.

Halafu mwanzoni mwa mwezi wa nane mtoto mchanga wa Masese na mkewe Ruth, wa miezi miwili, akafa. Alikufa vile vile: kuhema, mbavu kuingia ndani, midomo kuwa ya samawati. Persis alikuwa amemwambia Ruth amlaze mtoto kwa mzee. Ruth alikuwa karibu kukubali, lakini Masese alimzaba kofi akamwambia akivuka kizingiti kile asirudi.

Walimzika Jumatano. Jumapili wakaja.

Persis alikuwa nyuma ya nyumba akimenya viazi. Alisikia filimbi, kisha nyingine ikijibu kutoka upande wa mto. Aliposimama aliwaona wakishuka kwenye chai, thelathini au arobaini, wengi wao vijana aliowajua kwa majina. Walibeba mapanga na marungu, na mmoja alikuwa na kibuyu cha plastiki cha manjano. Masese alikuwa mbele. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakunuka pombe. Persis alisema baadaye kuwa hilo ndilo lililomwogofya kuliko yote: alikuwa mzima wa akili.

Alichukua panga la kukatia nyasi akakimbia, akasimama mlangoni kwa Bitutu.

"Toka, shemeji," Masese alisema. "Hatuna neno nawe."

"Mnataka nini?"

"Unajua tunachotaka. Amekula wa kwako, amekula wa kwangu. Unangoja amalize?"

"Wa kwangu aliuawa na baridi. Na wa kwako pia. Masese, nenda ukaguse ukuta wako alfajiri. Umelowa. Mtoto wa miezi miwili anaweza kulala ndani ya maji?"

Mtu nyuma alicheka. Mwingine akasema wazi kuwa mwanamke amelishwa kitu. Masese alisogea hatua moja. "Ardhi hii ni ya baba yetu," alisema polepole, na hapo Persis akaelewa kwamba chini ya msiba kulikuwa na jambo jingine, na kwamba baada ya mzee zamu ingekuwa yake.

"Lavender yumo ndani," alisema. "Amelala na bibi yake. Mnamchoma na yeye?"

"Uongo. Mtoto yuko kwa Mwalimu."

Jiwe la kwanza lilimpata juu ya sikio. Aliona weupe, lakini hakuanguka. Yule kijana wa Krismasi alimrukia kutoka pembeni. Persis aliinua mkono wa kushoto kujikinga na panga likashuka juu yake. Hakusikia maumivu, alisikia tu kitu kama kijiti kikivunjika. Alizungusha panga lake kwa mkono wa kulia, na Masese, aliyekuwa akimpita kuufikia mlango, akakatwa begani mpaka mfupa ukaonekana. Masese alipiga yowe. Hapo wakamvamia wote. Rungu lilimpata mgongoni, teke tumboni, na alipokuwa chini mtu akamkanyaga shingo akamshika hapo. Akiwa amelala shavu kwenye tope aliiona petroli ikirushwa juu ya paa, na kiberiti kikawashwa, na mlango ukafungwa kwa nje kwa mnyororo wa ng'ombe.

Mvua ya siku tatu ndiyo iliyowapa muda. Nyasi za juu zilikuwa zimelowa, kwa hiyo moto haukulipuka. Ulitambaa, ukatoa moshi mzito wa njano uliomiminika chini badala ya kupanda. Watu walirudi nyuma wakikohoa. Ndani hakukusikika kilio cha mtu mzima. Bitutu hakulia. Kilichosikika ni kikohozi kidogo, kikavu, kikirudiarudia.

Ruth alikuwa amesimama kwenye kona ya zizi na kanga ya msiba kichwani. Alikuja kuona haki ikitendeka. Kikohozi kile alikijua. Alikisikiliza usiku na mchana kwa siku nane, kwenye kifua kidogo kilicholala juu ya chake, mpaka kiliponyamaza.

"Kuna mtoto humo," alisema. Hakuna aliyemsikia. Akasema tena, kisha akaacha kusema. Alichukua jembe lililoegemea zizi, akazunguka nyuma ya nyumba, akaanza kuupiga ukuta.

Ukuta ule mnene, uliomlinda Bitutu miaka yote, sasa ulikuwa kaburi lake. Jembe liligonga na kudunda. Persis alimng'ata mguu yule aliyemkanyaga, akamng'ata mpaka meno yakakutana, akajinasua, akatambaa, akafika. Mkono mmoja ukimwaga damu, alichimba kwa mwingine kwa ncha ya panga. Wanawake wale wawili hawakusemezana. Ruth alipiga, Persis akavuta udongo na fito. Mwanamume mmoja alikuja kumshika Ruth nywele. Ruth aligeuka na jembe, na yule bwana akamwachia.

Tundu lilipofunguka moshi ulitoka kwanza, halafu mikono ya Bitutu ikimsukuma Lavender nje kama mkate kutoka tanuri. Mtoto alikuwa amefungwa shuka lililoloweshwa maziwa, maana maji hayakuwamo ndani. Persis akamvuta. Ruth akaingiza mabega yake yote kumfuata mzee, na kipande cha paa kikaanguka kikiwaka juu ya mgongo wa Bitutu wakati akitolewa. Walimviringisha kwenye tope. Ngozi ya mgongo wake ilibaki kwenye kanga ya Ruth.

Watu walipomwona mtoto walianza kuondoka, mmoja mmoja, bila kutazamana. Polisi walipofika walikuta panga, kibuyu, na wanawake watatu wamekaa kwenye majivu wakimpokezana mtoto mmoja.

Persis na Bitutu walilazwa hospitali wiki sita, vitanda vikitazamana. Mkono wa Persis ulishonwa bila vidole viwili. Mgongo wa mzee ulisafishwa kila asubuhi, na kila asubuhi Persis alimsikia akiuma blanketi. Wazee wa ukoo walikuja na maneno matamu: mambo ya nyumbani huishia nyumbani, mbuzi atachinjwa, Masese ataomba radhi. Bitutu aliwasikiliza akiwa amelala kifudifudi.

"Nilimzaa mimi," alisema. "Namjua. Akiniomba radhi kwa mbuzi, mwaka kesho atakuja na kibuyu kingine. Nitasema mahakamani."

Akasema kweli, kwa Ekegusii, na karani akatafsiri. Masese, aliyekuwa amekimbilia kwa rafiki karibu na kiwanda cha chai cha Itumbe akakamatwa huko bega likiwa limeoza, alifungwa miaka saba. Kijana wa panga alifungwa minne. Wengine waliachiliwa na bado hukutana na Persis njiani. Wengine humwamkia, na yeye huitikia, lakini huwa hawapi mgongo.

Kijumba cha nyasi kilikuwa kimekwisha. Bitutu hakuwa na pa kurudi ila kwenye nyumba ya mabati, na mgongo wake mpya haukuweza kustahimili baridi hata kidogo. Kwa hiyo Persis alijenga. Mwalimu Drusilla alimpa mabanzi, na Manasseh, mwenye mashine ya kupasua mbao, alimruhusu achote maranda yaliyokuwa yakitupwa.

"Changanya na majivu," Manasseh alimwambia. "Mchwa hawatayapenda, na hayatashika moto haraka. Na usizibe kila mahali. Acha nafasi juu chini ya paa, unyevu upate pa kutokea. Nyumba ikizibwa yote inaoza, na wewe unaoza nayo."

Persis alipigilia mabanzi kwa ndani, akajaza maranda na majivu kati yake na bati, akishindilia kwa mpini wa mwiko. Juu ya mabanzi alikandika udongo na kinyesi cha ng'ombe, Bitutu akimwelekeza kutoka kitini: hapa nyembamba, hapa rudia. Chini ya paa alitandaza magunia yaliyoshonwa na makatoni ya dukani. Jiko alilihamishia kibandani nje. Kazi ilimchukua miezi miwili, kwa sababu msumari ukishikwa kwa vidole vitatu huteleza.

Mwezi wa saba uliofuata mabati hayakuwadondokea. Lavender alikohoa siku nne, akaacha. Bitutu aliumwa miguu, si kifua. Si kwamba kila kitu kilipona. Moshi ule ulimwachia mtoto filimbi ndogo kifuani akikimbia, na pengine atakuwa nayo daima.

Ndani ya mwezi huo Ruth alikuja. Tangu moto walikuwa hawajazungumza zaidi ya salamu. Alisimama nje, ana mimba kubwa. Watu walisema Masese ndiye aliyemwachia mimba hiyo kabla ya kukamatwa.

Hiyo ilikuwa porojo, na Persis alikuwa akiikanusha kila ilipotajwa. Siku za Masese hazikulingana na mimba ile. Mtoto alikuwa wa mtu mwingine, na Ruth hakuulizwa ni nani.

"Ukuta wangu unatoa jasho," Ruth alisema.

Persis alimtazama. Aliona mwanamke aliyekuja kushuhudia mama mkwe wake akichomwa, na aliona mwanamke aliyevunja ukuta. Hakuweza kumtenga mmoja na mwingine.

"Sijakusamehe," alimwambia.

"Sikuja kwa hilo."

"Una magunia?"

"Nina tisa."

"Hayatoshi. Leta hayo, tuanze upande wa kitanda."

Walianza kesho yake. Bitutu alibebwa kwenye kiti akawekwa mahali penye jua ili awaone. Katikati ya kazi, Ruth alipokwenda kuchota maji, Persis alimkaribia mzee, mikono imejaa udongo, akasema jambo alilolificha miaka miwili.

"Mama, na mimi niliamini. Ogeto alipokufa. Nilidhani ni wewe."

Bitutu aliendelea kutazama ukuta. "Najua. Zile ndizi uliwapa nguruwe."

"Ulijua na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Ulikuwa umefiwa." Akainua fimbo yake akaelekeza kwenye pembe ya chini ya ukuta. "Pale umeruka. Rudia kabla hapajakauka."

Persis akapiga magoti, akarudia.